Fimbo ya Mama Kwenye Picha

Binti yangu alirudi nyumbani na watu watano, kamera mbili, na filamu ambayo ndani yake sisi sote hatupo.

Sisemi tumekufa. Mtu akifa anaacha kaburi, na kuna wa kumsema. Kwenye filamu yake pwani yetu haina mtu, basi. Mwanamume mmoja anatembea ufuoni na sanduku mkononi. Anatafuta mahali alipozaliwa. Anakuta mlango umesimama peke yake kwenye uwazi, hauna ukuta wala paa. Anagonga, hakuna anayefungua, maji yanajaa mpaka kiunoni kwake. Dakika kumi na mbili, imekwisha. Jina lake *Baada ya Watu*.

Huo mlango niliutengeneza mimi. Nimeacha shule darasa la tano lakini mbao nazijua, na mtoto wako wa pekee akikuomba mlango huulizi wa nini. Niliupiga randa, nikautia bawaba na kitasa, nikaukaza kwenye fremu yenye miguu ya kuzika chini. Ulikuwa mlango mzuri kuliko wa nyumba yangu. Nilipomaliza ndipo akanisimulia hadithi yenyewe. Nikasema sawa. Sikuwa nimeelewa kwamba hao wasiofungua ni mimi.

Pwani yetu ni ya matope. Karibu na ufuo kuna ukanda wa mchanga mgumu, hapo unaweza kutembea hata na viatu. Ukiupita, ardhi haikubali mguu. Ukisimama unazama hadi magotini, ukibishana nayo unazama hadi mapajani. Tunaingia kuokota chaza kwa ubao mrefu kama mtu, uliopinda mbele kama ulimi. Unapiga goti moja juu yake, mguu wa pili unasukuma kwa nyuma, unateleza. Mbao hizo natengeneza mimi, kama baba yangu. Zamani nilikuwa na foleni ya wateja. Sasa wateja ni wanne na mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanakwenda mbali hadi unaona nguzo ya chuma iliyobaki kutoka gati la zamani. Hiyo nguzo ndiyo saa yetu. Maji yakirudi yakaigusa, uwe umeshageuza ubao.

Na kuna fimbo. Kila anayeingia matopeni anachomeka fimbo yake ufuoni, mahali pale pale siku zote, na akitoka anaing'oa. Fimbo ya mtu haiguswi na mwingine. Maji yakigusa nguzo na fimbo bado imesimama, mwenye fimbo anafuatwa. Hakuna kuuliza wala kungojana. Nilipokuwa mdogo fimbo zilikuwa nyingi kama uzio. Sasa ziko nne: ya mama yangu yenye kitambaa chekundu, yangu, ya jirani yetu Kipaza, na ya mkewe. Kipaza aliuza dawa ya panya kwa spika miaka ishirini kabla hajahamia hapa, na mpaka leo akikusalimia unadhani unauziwa.

Basi binti yangu akaja kumsalimia bibi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Huko mnakula au mnapigana picha tu?"

Akacheka, akaketi mkekani miguuni pake kama alivyokaa utoto wake wote. Mke wangu alifariki huyu mtoto hajaota meno. Aliyemlea ni mama yangu. Alimbeba mgongoni hata matopeni, akipiga goti kwenye ubao, mtoto amefungwa kwa kanga, analala.

"Bibi, nina ombi. Kesho kutwa tunapiga picha kubwa. Naomba siku hiyo msiingie matopeni. Mbao zenu zinaacha michirizi, kamera inaiona yote. Na zile fimbo tuzitoe, siku moja tu."

"Filamu yenyewe inaitwaje?"

Binti akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"*Baada ya Watu*."

"Watu gani?"

"Wa hapa."

"Na mimi ni nani?"

"Bibi, ni hadithi tu."

"Nimeuliza mimi ni nani. Nimekaa kwenye kiti gani hiki? Hiki si kiti? Wewe hapo umekalia mkeka wa nani, wa marehemu?"

"Nataka kuonyesha kwamba watu wanaondoka. Mahali panabaki patupu. Ni jambo la kuhuzunisha, Bibi, si matusi."

"Aliyeondoka ni wewe," mama yangu akasema. "Hilo onyesha. Piga picha ya basi lililokuchukua. Lakini usije na mashine nyumbani kwangu ukawaambia watu wa mbali kwamba hapa hakuna mtu, na mimi niko nyuma ya mlango nimejibanza ili nisionekane. Nimekosa nini?"

"Siku moja, Bibi."

"Fimbo yangu itasimama pale hata kama nimelala kitandani. Huyo mwenye sanduku akiiona aipige hodi."

Binti akaondoka macho yamemlowa. Mama akanigeukia.

"Na wewe umefunga mdomo kama mtungi."

Kweli nilinyamaza. Nitasema kwa nini, wala sijitetei. Ofisi ya serikali ilishang'oa kibao cha jina la kijiji barabarani, wakasema nyumba tatu si kijiji. Kwa ofisi nilikwenda nikagomba, nikatolewa na askari. Lakini huyu ni mtoto. Ukimkatalia mtoto wa pekee jambo moja, safari nyingine anakuja kwa simu. Niliogopa hilo tu. Nikajiambia ni picha, itapita.

Siku ya picha maji yalianza kupwa asubuhi. Saa tano tulikuwa tumeshauzika mlango kwenye ukanda mgumu, mbele kabisa, unapokaribia matope. Mwigizaji alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kidogo na viatu vya ngozi. Wenzake walimwita Sanduku, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Kila hatua alikuwa anaangalia chini.

"Fundi, hapa pananimeza?"

"Hapa hapana. Pale ndiyo."

"Pale wapi?"

"Pale unapoangalia."

Akarudi nyuma hatua mbili. Mpiga picha, kijana mrefu wa kofia, akacheka mpaka kamera ikatikisika.

Hapo ndipo binti yangu akaita. "Baba. Njoo uone."

Fimbo ya mama ilikuwa imesimama mahali pake, kitambaa chekundu kinapepea. Moja tu. Ya Kipaza na ya mkewe hazikuwepo, wao walikubali kupumzika, ingawa Kipaza alikubali kwa kelele. Nikatazama matope. Meupe, laini, hakuna mchirizi hata mmoja mbele ya kamera. Nikatazama nyumba ya mama, mlango umefungwa. Akinuna ndivyo anavyofanya, anafunga mlango na kulala akiangalia ukuta.

"Si alisema," binti akasema. "Alisema ataichomeka hata akiwa kitandani. Ameichomeka."

"Ndiyo."

"Baba, ipo katikati kabisa. Nyekundu. Mtu hataona kitu kingine."

Nikasema fimbo ya mtu haiguswi. Nilisema, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kukatazwa kusema.

"Hayupo matopeni, unaona mwenyewe. Hii si fimbo sasa, ni hasira."

Nikaishika. Ilikuwa imekita chini karibu mkono mzima. Fimbo ya kumkomoa mtu haichomekwi hivyo. Hiyo unaichoma juu juu na kwenda zako. Hii ilichomekwa na mtu anayekwenda mbali. Mkono wangu ulijua. Nikaitikisa huku na huku, nikaing'oa, nikailaza nyuma ya masanduku ya vifaa vyao. Shimo likajaa maji, likajifunga.

Wakapiga picha. Sanduku akitembea, Sanduku akisimama, Sanduku akigonga. Kuna msichana alikuwa na kibao cha kugonganisha, kila mara anataja namba, na mimi nikawa nashika turubai la kukinga upepo. Nakiri ilikuwa kazi ya watu makini. Binti yangu hapigi kelele. Anasogea karibu na mtu, anamwambia kitu polepole, yule mtu anakwenda anafanya tofauti. Nilimwangalia. Nikasema huyu ni wangu.

Picha kubwa ilikuwa ya saa kumi. Maji yanakuja, Sanduku anagonga, na kamera haikatwi hata mara moja mpaka maji yamfike kiunoni. Inapigwa mara moja tu, maana maji hayarudi nyuma kwa ajili ya mtu. Mlango ukawa unayumba kidogo. Nikaenda nyumbani kuchukua kabari na nyundo.

Karakana yangu imepakana na nyumba ya mama, ukuta ni mmoja. Nje ya ukuta huo kuna misumari miwili mikubwa, ndipo anapotundika ubao wake. Misumari ilikuwa mitupu.

Nikagonga mlango. Nikausukuma. Kitanda kimetandikwa. Ndoo haipo.

Mke wa Kipaza alikuwa anaanua nguo. "Shemeji, unamtafuta Mama? Hajafika? Ameshatoka kitambo."

"Umemwona akitoka?"

"Sijamwona. Nimeona fimbo haipo." Akatundika tena nguo aliyoshika. "Asubuhi alipita huku nyuma na ubao kichwani. Alisema anazunguka kule, anaingilia nyuma ya tuta la mchanga, asimharibie mjukuu wake picha. Akaenda kwanza kuchomeka fimbo, akarudi. Nikawa naiangalia. Baadaye nikaangalia tena, haipo. Nikasema ametoka."

Nilishusha ubao wangu, nikakimbia.

Maji yalikuwa yameshapita nguzo. Yalikuwa yanakuja kama yanavyokuja siku za bamvua, bila wimbi, yanatandaza tu, kila unapopepesa macho yamekula kipande. Binti yangu alikuwa amekwisha kusema "Anza." Wote kimya. Sanduku yuko mlangoni amenyanyua ngumi agonge. Na mimi huyo nikapita katikati ya picha na ubao begani, matope yanaruka.

"Baba! Tunapiga! Baba, toka!"

"Bibi yako yuko nje!"

"Wapi?"

Hata mimi sikujua. Tuta la mchanga ni refu, na nyuma yake ni matope matupu na mabaki ya gati. Nikatupa ubao, nikapiga goti, nikasukuma. Nyuma yangu nikamsikia Kipaza, amepanda juu ya paa la banda lake, na siku hiyo sauti yake sikuichukia.

"KUSHOTO FUNDI! KUSHOTO! NAONA KICHWA! PITA KWENYE PENGO LA TUTA!"

Nikapita pengo. Nikamwona. Kifua kizima kilikuwa majini, mikono yake miwili imekumbatia ubao, ndoo imefungwa mbele kwa kamba kama siku ya kazi ya kawaida. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Umechelewa," akasema.

"Tulia, Mama."

"Nimetulia tangu saa nane. Mguu umenasa kwenye waya wa gati. Sikuhangaika, ukihangaika unazama. Nikakaa nikaangalia nguzo. Maji yakaigusa, nikasema sasa wanakuja. Yakapanda, nikasema wanakuja, wanakunywa maji kwanza. Fimbo imeanguka?"

Nilikuwa nimezama, napapasa waya kwa mikono. Ulikuwa umezunguka kifundo mara mbili. Nikauvuta, ukanichana kiganja, ukalegea. Nikatoka kupumua.

"Nauliza fimbo imeanguka?"

"Haikuanguka. Nimeing'oa mimi."

Nikazama tena nikautoa mguu, nikampandisha kwenye ubao wangu kifudifudi, wake nikaufunga nyuma. Nikaanza kuogelea nasukuma.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilidhani ni hasira. Ulisema utaichomeka hata ukiwa kitandani."

"Nilisema kwa mdomo," mama yangu akasema. "Mdomo wangu unasema mengi, unaujua. Nimeahidi kukufukuza mara ngapi hapa nyumbani? Lakini fimbo yangu nimeidanganyia lini? Miaka sitini. Nitajie siku moja."

Nikaendelea kusukuma.

Tulipovuka pengo nikamwona binti yangu. Alikuwa ameingia majini na nguo zake, viatu vyake, amefika shingoni, anakuja huku analia kwa sauti. Nyuma yake mlango wangu ulikuwa umeng'oka, unaelea. Sanduku ameushika kitasa ili usiende, na mpiga picha ameiacha kamera ufuoni, anamshika Sanduku.

"Bibi! Bibi!"

"Usilie, mke mwenzangu," mama akamwambia kutoka juu ya ubao. "Umeshalowa vya kutosha."

Kifundo kilivimba, ngozi ilichanika, mfupa ulikuwa mzima. Mke wa Kipaza alimfunga, akampa chai ya moto, akamsema huku anamfunga, na mama akamjibu huku anakunywa. Jioni binti yangu alikuja akapiga magoti akaomba msamaha. Mama akamwekea mkono kichwani. Mimi nilipoomba wangu aliniambia nikatengeneze mguu wa kiti, unacheza.

Nilidhani yameisha. Asubuhi binti yangu akaja karakana. Nilikuwa napaka ubao wangu mafuta.

"Baba, leo ndiyo bamvua ya mwisho. Kesho maji hayafiki mlangoni. Wenzangu wanaondoka kesho."

"Najua."

"Nimefikiri usiku kucha. Jana tulikosea, mimi nilikosea. Leo Bibi yuko kitandani. Kipaza na mkewe wakikubali kupumzika, na wewe ukipumzika, hakuna mtu matopeni. Hakuna fimbo ya kung'oa. Hakuna hatari kwa mtu yeyote. Tunapiga, tunamaliza."

Alikuwa sahihi. Hesabu yake haikuwa na tundu. Nikaweka tambara chini.

"Mimi leo naingia."

"Kufanya nini?"

"Kazi."

"Baba. Siku moja tu."

"Jana ilikuwa siku moja."

Akaketi kwenye rundo la mbao. "Unanikomoa."

"Sikukomoi. Sikiliza, mimi sina maneno kama yako. Siku ile ulipoomba nilinyamaza, jana nikamng'oa mama yangu kwa mkono wangu huu. Alikuwa hai, ananingoja, na mimi nashika turubai. Unajua kwa nini niliweza? Kwa sababu nilishakubali kwamba kwenye picha hayupo. Ukishakubali hilo, mkono unafanya wenyewe. Sasa sikubali tena. Wala kwa nusu saa."

"Kwa hiyo nisipige?"

"Piga. Nani amekukataza? Piga mpaka betri ife. Sisi tutakuwemo."

"Filamu haitakuwa na maana! Mtu anatafuta watu, hawapo, halafu nyuma yake kuna mzee anaokota chaza!"

"Hiyo ni shida ya filamu."

"Na mzee ni nani?" akauliza ghafla, nusu analia nusu anacheka.

"Ni mimi. Na tumbo langu. Mwambie yule wa kamera asilikate."

Akanyanyuka, akaondoka bila kuaga. Nikakaa pale pale alipokuwa amekaa. Nilijua huenda nimempoteza. Nikakaa hivyo kidogo, kisha nikachukua ubao wangu na fimbo yangu, nikaenda.

Ufuoni nikachomeka fimbo. Kipaza akachomeka yake kando yangu, kwa nguvu, kana kwamba anatoboa kisima. Mkewe naye. Mama alikuja anachechemea, ameshika bega la msichana wa kibao, akageuza ndoo akaikalia. Fimbo yake hakuja nayo.

"Ya kwako, Mama?" Kipaza akauliza.

"Mimi leo siingii. Nichomeke ya nini?" Akanitupia jicho. Nikajua hilo jicho litanifuata mwaka mzima.

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na kamera, mikono kifuani. Mlango tulikuwa tumeuzika upya. "Mnaniharibia makusudi," akasema, si kwangu tu, kwetu sote.

"MAKUSUDI KABISA!" Kipaza akajibu, hata ndege wakaruka.

"Haya. Kila mtu mahali pake," akasema. "Sanduku, mlangoni."

Sanduku hakusogea.

"Sanduku."

"Bosi, samahani. Mimi naomba fimbo."

"Fimbo ya nini? Wewe unasimama kwenye mchanga."

"Maji yatanifika kiunoni, si ndiyo? Jana niliona. Kama yule mama mwenye miaka sitini ya kazi hii alihitaji fimbo, mimi mwenye kitambi hiki ninahitaji mbili." Akamgeukia mama. "Shikamoo, Mama. Mgeni anaruhusiwa?"

"Marahaba. Anayeingia anachomeka. Hakuna mgeni."

Sanduku akaenda kwenye gari lao, akarudi na mpini wa fagio. Akauchomeka, ukaanguka. Mke wa Kipaza akamwonyesha. Mpiga picha akaona naye ataingia na kamera majini, akavunja tawi la mkoko. Msichana wa kibao akachomeka kipande cha bomba. Fimbo zikawa sita kwenye ufuo wa filamu isiyokuwa na watu.

Binti yangu alizitazama. Nilimwona anazihesabu, anapima zinaangukia wapi kwenye picha. Nilijua anavyofikiri, ndivyo mimi ninavyotazama ubao wenye fundo, nione kama fundo nilikate au nilipitishe. Kisha bila kusema kitu akasogeza kamera hatua kumi kushoto, akainama akaangalia, akairudisha hatua mbili.

Sikungoja zaidi. Niliingia matopeni. Nikapita mbele ya mlango wake, karibu kabisa, mchirizi wangu ukabaki nyuma yangu mrefu na mnyoofu. Kipaza na mkewe wakafuata. Tuliokota chaza mpaka nguzo. Mara mbili nilimsikia binti yangu kwa mbali akisema "Anza," na mara zote mbili sikugeuka. Kulikuwa na chaza wengi siku hiyo.

Maji yalipogusa nguzo tukageuza mbao. Tulifika ufuoni, tukangoja mpaka picha ikaisha na Sanduku akatoka, anatetemeka ndani ya taulo, mpini wake ameukumbatia. Kipaza akang'oa, mkewe akang'oa, mpiga picha na msichana wa kibao wakang'oa. Nikang'oa yangu. Bado ilibaki moja, mti mbichi wenye majani juu. Sikuwa nimeuona nikiingia.

"Ya nani hii?"

"Ya bosi," Sanduku akasema. "Amebaki na ile kamera ndogo, anapiga picha za maji."

Alikuwa kule mbele, maji yameshampita magoti, kamera kaishika kifuani, anapiga picha matope yanavyofunikwa na maji, na michirizi yetu ndani yake. Wenzake walianza kufungasha. Mimi nilisimama kando ya ule mti na ubao mkononi. Mama naye hakunyanyuka kwenye ndoo yake. Tulingoja mpaka alipojua mwenyewe kwamba yanatosha, akarudi. Akampa msichana kamera, akaja akang'oa mti wake.

"Umepata?" nikauliza.

"Nimepata. Sijui nimepata nini, lakini nimepata. Mpo wote. Tumbo lako lipo."

"Na jina?"

"Jina halibadiliki."

"Vipi halibadiliki? Tumo humo, tunaonekana!"

"Ndiyo, mnaonekana. Na jina ni *Baada ya Watu*. Filamu ni yangu, Baba. Kuingia mmeingia kwa nguvu, sikuwazuia. Jina simwachii mtu."

Nilimtazama. Alikuwa amekaza shingo, kidevu juu, maji yanamtiririka, na nikaona mtu ambaye nimekuwa nikigombana naye tangu nizaliwe.

"Basi kamwambie bibi yako mwenyewe," nikasema. "Mimi simo."

"Namwambia sasa hivi."

Akaenda. Sikuwa nimemaliza kuosha ubao wangu nikasikia sauti zao mbili zimeshapanda, hakuna anayemngoja mwenzake amalize.